Bomba Lisilopita Misungwi

Mhadhara wa wazi uliotolewa Misungwi mjini, mkoani Mwanza



Huenda baadhi yenu mnajiuliza tumeitwa hapa kufanya nini. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lile ambalo magazeti huliandika EACOP, halipiti Misungwi. Halipiti mkoa wa Mwanza kabisa. Linatoka Kabaale, Hoima, huko Uganda, linaingia kwetu upande wa Missenyi, linakata Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara, kisha linaishia Chongoleani, Tanga, kwenye bahari. Urefu wake ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Mikoa minane, sisi hatumo. Hakuna mtu wa Misungwi aliyethaminiwa migomba yake wala kuhamishiwa makaburi ya wazee wake.

Nimekubali kuja hata hivyo, kwa sababu naona wilaya hii ina mambo mawili yanayoipa haki ya kulizungumzia bomba hilo pengine kuliko wilaya nyingi linakopita. La kwanza ni ziwa. La pili ni Ihelele, na nitaanzia hapo.

Mnapajua Ihelele. Maji ya Ziwa Victoria yanavutwa pale, yanasafishwa, yanasukumwa hadi kwenye tangi lililo juu ya kilima cha Mabale, na kutoka hapo yanateremka kwenda Kahama na Shinyanga. Mradi ule ulizinduliwa na Rais Kikwete mwaka 2009. Baadaye, kwa mkopo wa India, bomba likarefushwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Leo tunaliona kama jambo la kawaida, bili ya maji inakuja, watu wanalalamika, maisha yanaendelea. Lakini mwaka 2004, kazi ilipoanza, Misri ilikuwa na maneno. Ilishika mkononi mkataba wa mwaka 1929, ambao Uingereza iliuandika kwa niaba ya makoloni yake, ukisema kwamba pasipo ridhaa ya Misri hakuna kazi itakayofanywa kwenye Naili, wala kwenye maziwa inakotoka, ikiwa kazi hiyo itapunguza maji yanayokwenda kwao. Mababu zetu hawakuuona mkataba huo. Ulikuwa unawafunga tu.

Serikali ya Tanganyika ilikwisha kulijibu jambo hilo zamani. Mwaka 1962, mwaka mmoja hata haujatimia tangu uhuru, iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kusema kwamba mkataba wa 1929 hauifungi nchi yetu. Wanasheria duniani wanaliita jambo hilo kanuni ya Nyerere. Kwa hiyo kazi ya Ihelele ilipoanza, tulikuwa tumesimama juu ya barua ya miaka 42.

Naileta habari hii kwa sababu mara nyingi tunabishana kuhusu chuma: bomba lina upana gani, linazikwa kina gani, litapita shamba la nani. Hayo ni ya maana. Lakini bomba linalovuka mpaka huanza kwa karatasi, na karatasi hiyo huishi kuliko walioitia sahihi. Ukitaka kujua nani atafaidi na nani atabeba hasara, soma kwanza kilichoandikwa, halafu ndiyo uende kuangalia mtaro.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe.

Uganda iligundua mafuta ya kuuzwa kibiashara mwaka 2006, kwenye bonde la Ziwa Albert. Wataalamu wao wanakadiria mapipa bilioni 6.5 ardhini, na kati ya hayo yanayoweza kutolewa ni bilioni 1.4 hivi. Yatachimbwa sehemu mbili: Tilenga, chini ya kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies, na Kingfisher, chini ya CNOOC ya China. Yakitoka kwa wingi wa juu kabisa, yatakuwa mapipa 230,000 kwa siku. Tabu yake ni nta. Mafuta haya yana nta nyingi, na yakipoa yanaganda kama samli asubuhi ya Juni. Ndiyo maana bomba zima lazima lipashwe joto, nyuzi 50 za Selsiasi, kutoka Hoima hadi baharini, na ndiyo maana kilijengwa kiwanda Sojo, wilayani Nzega, cha kuyavika mabomba tabaka la kuhifadhi joto kabla ya kuzikwa. Nzega hiyo hiyo inayokunywa maji ya Ihelele. Mabomba mawili, moja likibeba maji kutoka kwetu, jingine mafuta ya jirani, yote katika wilaya moja.

Njia ya kwanza iliyokubaliwa haikuwa hii. Mwaka 2015 Uganda na Kenya zilikubaliana bomba lipite kaskazini, kupitia Lokichar, Turkana, ambako Kenya nayo ilikuwa imepata mafuta, hadi Lamu. Nchi mbili zingegawana gharama za bomba moja. Kampuni ya Kifaransa haikuipenda njia hiyo. Lamu iko karibu na Somalia, na al-Shabaab walikuwa wakishambulia huko. Ardhi ya Kenya ni ghali na kesi zake hazina mwisho. Na Tanga ilikuwa na bandari inayofanya kazi, wakati ya Lamu ilikuwa bado inajengwa. Tanzania ikaongeza vishawishi vya kodi. Mambo yalipamba moto hadi mwezi Machi 2016, ambapo magazeti ya Kenya yaliandika kwamba waziri wao wa nishati, Charles Keter, na ujumbe wake walizuiwa walipofika Tanga kutaka kuiona bandari. Mwezi wa Aprili Uganda ikatangaza: Tanga. Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani, na sisi tulishangilia kama timu iliyoshinda derbi.

Sina ugomvi na shangwe ile. Ila ushindi wa namna hiyo una bei, na bei hulipwa kwa nafuu za kodi. Nchi mbili zinapogombea bomba moja, anayefurahi zaidi ni mwenye mafuta na mwenye kampuni, maana kila mmoja wa wagombea anapunguza bei ili amshinde mwenzake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao makuu Arusha, ina bunge, ina mahakama. Katika jambo kubwa kuliko yote ya nishati katika kizazi hiki, wanachama wake walishindana kwa mnada. Kenya ilibaki na mafuta ya Turkana yasiyo na bomba. Ikajaribu kuyasafirisha kwa malori hadi Mombasa, ikauza shehena ya kwanza mwaka 2019, kisha majaribio yakakoma.

Tuzungumze hela, maana hapo ndipo nasikia hesabu za ajabu vijiweni. Gharama ya kusafirisha pipa moja imepangwa kuwa dola 12.77. Mtu anachukua simu yake, anazidisha kwa mapipa 230,000, anapata karibu dola milioni tatu kwa siku, anasema: Tanzania tumeula! Ndugu zangu, fedha hiyo hailipwi serikali ya Tanzania. Inalipwa kampuni inayomiliki bomba. Katika kampuni hiyo TotalEnergies ina asilimia 62, CNOOC ina 8, shirika la mafuta la Uganda lina 15, na shirika letu la mafuta, TPDC, lina 15. Kampuni ikishapokea ile dola 12.77, kwanza inalipa umeme wa kupasha bomba joto, inalipa wafanyakazi na ulinzi, inalipa mikopo na riba yake. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, na katika hicho sisi ni asilimia 15. Na hisa hizo hatukupewa bure. Zimelipiwa kwa fedha za umma, kabla pipa la kwanza halijapita.

Juu ya hapo zipo kodi, kadiri nafuu zilivyoziacha, zipo ajira za ujenzi, ambazo huisha ujenzi ukiisha, na zipo huduma za bandari. Si haba. Mimi si miongoni mwa wanaosema bomba halitaiingizia nchi kitu. Nasema tu kwamba atakayekuja hapa wakati wa kampeni akiwa na ile hesabu ya kuzidisha, mwulizeni riba.

Riba ndiyo inayotupeleka kwenye mabishano ya tabianchi, ingawa wengi hawaoni uhusiano. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa bomba hili, likitaja haki za watu, mazingira na joto la dunia. Wanaharakati wanasema mafuta hayo yakichomwa kwa wingi wa juu yatatoa hewa ya ukaa tani milioni 34 kwa mwaka. Kampala ilikasirika, na Dodoma haikufurahi. Waliojibu walikuwa na hoja: Ulaya iliyojitajirisha kwa makaa ya mawe na mafuta, na ambayo mwaka huo huo, baada ya vita vya Ukraine kuanza, ilikuwa inakuja Afrika kutafuta gesi, inapata wapi ujasiri wa kutufundisha? Ni unafiki, na nitausema hivyo popote. Lakini unafiki wa msemaji haufuti alichosema. Mvua zilizovurugika hapa Usukumani, pamba inayoota na kukauka, hazimwulizi mtu ametoka bara gani.

La muhimu kwa mfuko wetu ni hili: benki kubwa nyingi za Ulaya, Marekani na Japani zilikataa kuikopesha EACOP. Standard Chartered ilisema wazi mwaka 2023. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Kampala Februari 1, 2022, lakini awamu ya kwanza ya mikopo kutoka nje ilifungwa Machi 2025, miaka mitatu baadaye, kutoka Afreximbank, Standard Bank, KCB ya Uganda na wengine wachache. Katikati hapo wenye hisa walikuwa wanatoa fedha mifukoni, gharama imepanda ikavuka dola bilioni 5, na tarehe ya pipa la kwanza imesogea: ilikuwa 2020, ikawa 2025, kisha 2026. Kila mwaka unaosogea ni mwaka ambao hisa zetu zimelala. Waliosema kelele za wanaharakati ni upepo tu hawakuwa wamepiga hesabu hiyo.

Kuna jambo moja linanisumbua kuliko mengine ya kiuchumi. Uganda inakusudia kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta Hoima, cha mapipa 60,000 kwa siku, na Machi 2025 ilisaini makubaliano na kampuni ya Alpha MBM ya Falme za Kiarabu. Ni haki yao, na kwa kweli ni busara: mwenye mafuta ayasafishe nyumbani. Ila pipa linalosafishwa Hoima halipiti Nzega. Mkataba wetu unasemaje bomba likipitisha pungufu? Nani anabeba pengo? Hili ni swali la kawaida kabisa la mwenye kukodisha njia, na sijaona likijibiwa hadharani.

Twende kwenye koki. Bomba linalovuka mpaka lina koki pande zote mbili, na historia yake ni historia ya nani alifunga na kwa nini.

Tunalo letu la zamani, TAZAMA, la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilomita 1,710. Lilijengwa kwa haraka baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia mwezi Novemba 1965, Zambia ikajikuta njia yake ya mafuta ya kusini imekatwa. Kufikia 1968 mafuta yalikuwa yanapita. Zambia ina theluthi mbili, sisi theluthi moja. Bomba lile halikuzaliwa na hesabu ya faida. Lilizaliwa na Nyerere na Kaunda kukataa kushikwa koo, na pengine ndiyo maana limedumu: pande zote mbili zilijua kufunga koki ni kumnyonga ndugu. Siku hizi linapitisha dizeli badala ya mafuta ghafi.

Sasa tazama Sudan. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 ilichukua mafuta mengi, lakini mabomba na bandari vilibaki mikononi mwa Khartoum. Khartoum ikadai ada ya zaidi ya dola 30 kwa pipa, Juba ikataka kulipa kama dola moja. Januari 2012 Juba ikafunga visima vyake yenyewe, na uchumi wake ukaanguka kwa zaidi ya mwaka mzima. Wakapatana. Kisha vita vya Sudan vikaja, na Februari 2024 bomba mojawapo likapasuka katika eneo la mapigano. Chanzo? Dizeli ya kuendeshea vituo vya kusukuma ilikosekana, mafuta yenye nta yakaganda ndani. Usafirishaji ulisimama hadi mwaka uliofuata. Wenye kudhani ule upashaji joto wa EACOP ni habari ya mafundi tu, wakumbuke hiyo. Umeme ukikatika muda mrefu Singida au Manyara, Hoima inasimama.

Kwa hiyo tumejitwika dhima, na si mapato peke yake. Uganda, nchi isiyo na bahari, imeweka uchumi wake wa mafuta ndani ya ardhi yetu kwa kilomita zaidi ya elfu moja. Tukigombana nao kuhusu samaki wa ziwa hili, kuhusu sukari, kuhusu mahindi, bomba lipo pale linasikiliza. Benin iliizuilia Niger mafuta yake mwaka 2024 kwa ugomvi wa mpaka ambao haukuhusu mafuta hata kidogo.

Nimesema haki ya kwanza ya Misungwi ni ziwa, na nimelichelewesha makusudi, maana mtu akianza na ziwa watu huacha kusikiliza hesabu.

Takriban theluthi moja ya bomba hili imo ndani ya bonde la Ziwa Victoria. Halikai kandokando ya maji kote. Mahali pengine liko mbali. Lakini maji hayasomi ramani ya mikoa. Bomba linavuka Mto Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, na linavuka vijito vingi vya Kagera na Geita ambavyo mwisho wake ni humu. Wenye mradi husema mafuta haya yakimwagika yatapoa na kuganda, hivyo hayatasambaa kama mafuta mepesi. Hoja hiyo ina ukweli. Kwenye udongo mkavu, kuganda ni msaada. Kwenye mto uliofurika masika, mabonge husafiri, na hakuna wavu wa dagaa uliotengenezwa kwa ajili yake. Tena Septemba 10, 2016, miezi mitano tu baada ya njia ya Tanga kutangazwa, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu zaidi ya kumi na kubomoa maelfu ya nyumba. Wahandisi wanaweza kujenga bomba la kustahimili mtikisiko; hilo sibishi. Ninachouliza ni nani anasimamia siku ya hitilafu, kwa vifaa gani, na amewekwa wapi.

Hapo ndipo Ihelele inaporudi. Mlango wa maji unaonywesha Shinyanga, Kahama, Nzega, Igunga na Tabora uko katika wilaya hii. Mpango wa dharura wa bomba la mafuta unaoishia kwenye wilaya ambazo bomba linapita, unaiacha nje wilaya yenye chanzo cha maji cha mikoa miwili. Nimetazama orodha ya mikoa inayoshirikishwa. Mwanza tunatajwa kama bandari ya kupitishia mizigo. Ziwa halina mkoa.

Na kuna jambo lingine la Ihelele ambalo wazee waliopo hapa wanalijua kuliko mimi. Maji yalianza kwenda Kahama 2009. Mradi mkubwa wa maji wa mji wa Misungwi ulizinduliwa na Rais Samia mwezi Juni 2021. Hesabuni wenyewe. Katika miaka ile mama wa hapa alikuwa anabeba ndoo kichwani, na mji ulio kilomita nyingi kusini unafungua bomba. Nalisema bila kinyongo kwa watu wa Shinyanga, walikuwa na kiu ya kweli. Ila mjue kwamba kupitiwa na kitu cha thamani hakukupi kitu hicho. Kinachokupa ni kilichoandikwa. Vijiji vya Chemba na Kilindi vitalilinda bomba la mafuta kwa miaka 20 na zaidi, na mafuta ya kibatari vitaendelea kununua dukani.

Kuhusu fidia nitakuwa mfupi, kwa sababu yamesemwa mengi. Upande wa Tanzania kaya zaidi ya 9,000 ziliguswa na mkuza wa bomba. Uthamini ulianza kufanyika 2018. Malipo kwa wengi yalikuja miaka mitatu au minne baadaye. Katikati hapo watu waliambiwa wasipande mazao ya kudumu. Mkulima wa migomba aliyekaa misimu kadhaa bila kupanda, akalipwa kwa bei iliyopigwa kabla ya bei za sokoni kupanda, amepata hasara hata kama risiti yake ni sahihi. Wapo waliojengewa nyumba nzuri, na wanashukuru. Yote mawili ni kweli.

Asasi nne za kiraia zilipeleka shauri kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, Novemba 2020. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2023, mahakama ikalitupa. Haikusema bomba ni salama wala si salama. Ilisema mmechelewa. Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili, na makubaliano ya nchi mbili yalisainiwa 2017. Miezi miwili! Kwa mkataba ambao mwananchi wa kawaida hakujua ulikaa kabati gani.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Mwaka 2015 Bunge letu lilitunga sheria ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba iwekwe wazi. Mwaka 2017 likatunga nyingine, ya kujipa nguvu ya kupitia upya masharti yenye hila katika mikataba ya maliasili. Tulizisifia sana sheria hizo zilipokuwa zinaelekezwa kwenye makinikia ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi, jirani zetu hawa. Mei 2021 serikali ilisaini mkataba wa nchi mwenyeji na wenye EACOP. Sheria zile zilizosemewa kwa sauti kubwa dhidi ya wachimba dhahabu, mbona kwa bomba sauti imeshuka? Watetezi wa usiri husema bomba si uchimbaji, ni usafirishaji. Ni jibu la mwanasheria. Wanafunzi mtakaosoma sheria, nawaachia hilo.

Mimi sisemi bomba lisijengwe. Ujenzi ulikwisha kuvuka nusu mwaka 2025, na mtu anayekuja leo kuhubiri lisiwepo anahubiri kwenye mtaro uliokwisha kufukiwa. Ninachotaka ni kwamba halmashauri ya Misungwi, kwa barua rasmi, iombe nakala ya mpango wa dharura wa umwagikaji wa mafuta kwa bonde la ziwa; iulize kama Ihelele imo ndani yake, na kama haimo, kwa nini. Iulize vifaa vya kuzuia mafuta mtoni vimehifadhiwa wapi na vitachukua saa ngapi kufika Kagera. Iulize nani ametenga fedha za kulifunga bomba na kusafisha njia yake mafuta ya Hoima yatakapokwisha, maana watoto waliokaa pale mlangoni watakuwa na miaka arobaini hivi, na TotalEnergies inaweza kuwa imeuza hisa zake zamani. Barua kama hiyo haihitaji bomba kupita wilayani. Inahitaji muhuri na diwani asiyeogopa kuuliza swali la pili.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na naona mikono imeanza kuinuka upande wa wavuvi. Tuanze na hao.